Nyayo za Forosadi

Mwaka 2017 Baba alikuwa mlinzi wa shamba moja kaskazini, kule Johannesburg inakoishia. Nyumba ya pale ilikuwa kubwa na haina mtu, wenyewe wamehamia ng'ambo. Baba alilala hukohuko, kwenye kibanda cha getini. Mama na mimi tulibaki mjini, Berea, katika chumba tulichogawana kwa pazia na watu wengine. Kampuni ilikataza wageni. Mimi nilikuwa mgeni wake kila Jumamosi.

Nilipapenda kwa sababu hakukuwa na wa kuongea naye. Shuleni nikiulizwa kitu, naangalia chini tu. Kule kulikuwa na miforosadi iliyojiotea nyuma ya tangi la maji, mipungate kwenye uzio, na kando ya kijito vichaka vya miiba vyenye vitunda vyeusi. Baba alisema kwao Lushoto vitunda hivyo waliwaachia nyani.

"Kula utakacho," aliniambia siku ya kwanza, "ila barazani usipande."

Mwezi wa kumi nikapanda. Nilitaka kuchungulia ndani tu. Nilikuwa peku, nimetoka kukanyaga forosadi zilizoanguka. Niliona piano imefunikwa shuka, basi. Honi ikalia getini. Baba akanivuta mbio hadi kibandani, akafunga mlango, akaenda kufungua geti.

Alikuwa msimamizi wake, Mkongo wa Lubumbashi, mtu mcheshi. Nilisikia viatu vyake vikizunguka nyumba, vikasimama barazani.

"Mzee, hii ni nini?"

"Ndege hao, bosi. Wakishakula forosadi wanachafua kila mahali."

"Ndeke ya vidole tano?" Akacheka. "Eish, mzee! Ndeke ya Tanzania hiyo!"

Baba naye akacheka, kicheko ambacho sijawahi kumsikia nacho nyumbani.

"Uko na mtu humu?" msimamizi akauliza.

"Hakuna mtu."

Nilishika kitasa. Ningetoka nikasema ni mimi, mwanawe, labda yangeisha, maana msimamizi naye alikuwa na watoto. Sikutoka. Kazi ya Baba sikuiwaza kabisa wakati ule. Nilichoogopa ni kumwamkia mtu nisiyemjua.

"Mgeni tungeongea, mzee," msimamizi akasema, sasa hacheki. "Lakini kunidanganya, hapana. Funga mizigo. Yunifomu utaleta ofisini Jumatatu."

Gari lilipoondoka Baba alifungua mlango, hakunigombeza. Alikunja blanketi lake, akatia sufuria ndani ya mfuko. Kisha akaenda nyuma ya tangi, akarudi na forosadi mbichi mkononi, zile za kijani.

Ndani ya teksi ya kurudi mjini, daladala za kule, kiti cha nyuma, alizisaga moja moja akanisugua nazo vidole. Bibi alikuwa akiwafanyia hivyo yeye na ndugu zake walipokuwa wadogo, alisema. Rangi ya zambarau ilitoka, ikabaki kidogo kwenye kucha.

"Lete na mkono huu mwingine. Jumatatu una shule."

Nikampa. Miguu sikumwonyesha. Nilikuwa nimeshavaa viatu.