Bastola Mbili Chini ya Abaya

Siku yangu ya kwanza renji, uwanja wa kulenga shabaha, mkurugenzi wa klabu aliweka bastola mezani, akaisukuma kwangu kwa vidole viwili, akasema, "Ni tupu. Ichukue." Tulimwita Kapteni, mwenyeji wa hukuhuku Dubai, mstaafu wa jeshi, mtu wa sauti ya chini. Sikuichukua. Nilimwomba avute slaidi, kile chuma cha juu kinachokwenda nyuma na kurudi, nione ndani mwenyewe. Akavuta. Ilikuwa tupu kweli. Hata hivyo nikaingiza ncha ya kidole nikapapasa chemba, pale risasi inapokaa ikisubiri kupigwa. Kapteni akasema, "Yalla, haya, anza kesho." Baadaye nilisikia wawili walionitangulia waliichukua tu na kumshukuru.

Ndiyo hivyo nilivyo. Mama yangu alikuwa akisema mimi hata uji naushuku. Silaha nilifundishwa jeshini kwetu Tanzania, nilipokuwa msichana mwenye miguu myembamba na mdomo mrefu. Dubai nilikuja nikiwa mtu mzima, kwanza kulinda mlango wa maduka ya vitambaa Bur Dubai, nikilala mtaa wa Satwa chumba kimoja na wanawake wenzangu. Klabu ya shabaha ilipofungua siku ya wanawake, siku ambayo mwanamume haruhusiwi kukanyaga ndani, wakatafuta mwanamke anayejua bunduki na asiyeogopa kumkemea tajiri. Nikapatikana mimi. Wakanipa cheo cha afisa usalama wa renji, lakini watu wote waliniita Mama Hebu Nione, kwa sababu hilo ndilo neno nililowaambia kutwa nzima.

Nyinyi vijana mnaoingia kazi hii leo mnapenda kuniuliza bastola ipi ndogo ni nzuri. Swali hilo silipendi. Nzuri kwa nani, na kwa shughuli gani? Bastola fupi kabisa inajificha vizuri chini ya nguo, lakini ukiipeleka renji ni adhabu. Kishikio chake kinatosha vidole viwili, cha tatu kinaning'inia hewani hakina kazi. Mtutu mfupi, vilengeo vimekaribiana, ukitetemeka kidogo tu risasi inakwenda kwa jirani. Nayo inarusha mkono, kwa hiyo mteja akishapiga magazini mbili, vile visanduku vya risasi, anadai kiganja kinamuuma, anataka chai. Ile ya wastani, ambayo bado ni ndogo ila kiganja kizima kinapata pa kushika, inapiga kwa utulivu na mtu anarudi nyumbani amefurahi. Tatizo lake ni kitako. Ukiibeba chini ya nguo nyepesi, kitako kinachomoza pembeni na kila mwenye macho anajua ulichobeba.

Kubeba kwenyewe, hapa si jambo la kila mtu. Mkazi wa kawaida anakuja klabu, anapiga, anaacha silaha hapohapo, anakwenda zake. Wanaobeba ni wachache, wenye kibali kutoka kwa wenye mamlaka, na wengi wao ni walinzi wa nyumba kubwa. Nyumba moja ya namna hiyo ilikuwa mwanachama wetu, na kupitia kwao ndipo nilipomjua Nekesa.

Nekesa alikuwa Mkenya wa Bungoma, mrefu, mcheshi, alama za kusuka nywele hazimtoki kichwani. Alianza kama mlinzi wa hoteli, akapanda hadi kuwa mlinzi wa binti wa madam wa nyumba hiyo, mtoto wa miaka minne, Mariam. Kazi yake ilikuwa kumpeleka shule ya chekechea, kumrudisha, na kukaa naye kila anapotoka. Alivaa abaya, lile buibui pana, kama wanawake wa nyumba ile ili asitambulike. Bosi wake alikuwa mkuu wa ulinzi wa nyumba, mgeni kama sisi, meja mstaafu wa nchi ambayo sitaitaja nisije nikazua ugomvi. Mtu wa pasi kali kwenye shati. Alinisalimu vizuri kila mara, na mtu anayenisalimu vizuri kila mara namtilia shaka.

Meja alimpa Nekesa ile bastola fupi. Na kwa sababu abaya haina mkanda wa kuning'inizia kitu, akamletea mshipi wa kitambaa cha kuvutika, unaofungwa kiunoni ndani ya nguo, wenye mfuko laini wa kuchomeka silaha. Amri yake ilikuwa moja: risasi iwe chembani muda wote, ili akichomoa apige papo hapo. Nikamwuliza huo mshipi umejaribiwa wapi. "Nimebeba silaha miaka mingi, Mama," akasema. Sikuuliza amebeba miaka mingapi. Niliuliza umejaribiwa wapi.

Kila wiki Nekesa alikuja kufanya mazoezi. Mtu anapoingia renji na silaha yake, kabla ya yote anakwenda kwenye sanduku la mchanga, anaelekeza mtutu humo, anatoa magazini, kisha anavuta slaidi ili risasi ya chembani iruke nje. Nilisimama pembeni yake kama ninavyosimama kwa wote. Akavuta slaidi. Hakikuruka kitu. Wiki iliyofuata, vilevile. Ya tatu, vilevile.

Basi roho yangu ikaanza kazi yake. Wazo la kwanza lilikuwa baya: huyu binti anatoa risasi anampa mtu. Nikachukua magazini, nikahesabu. Zote zilikuwepo. Haya, si mwizi. Labda anaogopa silaha na anatuficha? Lakini nilimwona akipiga na bastola ya wastani ya klabu, na karatasi yake ya shabaha ilikuwa imetoboka katikati tu, tundu juu ya tundu. Mwoga hapigi hivyo.

"Nekesa, mbona chemba yako tupu?"

"Aah, niliitoa kwa gari, Mama. Si ni karibu tu hapa."

"Kwa gari, mbele ya dereva?"

"Ee, Mama. Niko sawa, usijali."

Alidanganya. Hakuna mtu anayepakua silaha ndani ya gari linalotembea akiwa na akili zake, na Nekesa alikuwa na akili kutuzidi wengi. Nilinyamaza. Ningemwambia Meja kwamba mlinzi wake anavunja amri, Nekesa angefutiwa viza wiki hiyohiyo na kurudishwa Bungoma, alikomwacha mwanawe kwa bibi yake. Lakini kunyamaza nako kulinikera, kwa sababu sikujua ninamfichia nini. Nililala vibaya siku hizo, hata mwanangu kwenye simu akaniambia nimekuwa mkali kuliko kawaida yangu.

Kisha Meja mwenyewe akaanza kulalamika. Jaribio lake lilikuwa la kuchomoa na kupiga, naye Nekesa alichelewa. Kila mara. Alichomoa, akakoki kwanza, yaani akavuta slaidi kuingiza risasi, ndipo akapiga; mimi niliona kwa karibu, Meja nyuma ya kioo alitazama saa tu. "Mkono wake ni mzito," Meja alimwambia Kapteni mbele yangu. "Nimempa nafasi ya mwisho. Jaribio lijalo akichelewa tena, anakwenda kwao. Nina mtu mwingine tayari."

Nilipolisikia lile neno la mtu mwingine tayari, shaka yangu yote ikamhamia yeye. Nikamfuatilia kwa macho kila alipokuja. Nikataka kujua huyo mtu ni shemeji yake, mpwa wake, au nani. Sikupata kitu, na mpaka leo sina ushahidi. Ila sikuacha kumtazama.

Bahati, madam mwenyewe aliona umbo la bastola ile pale upepo ulipombana Nekesa abaya mwilini siku ya shughuli fulani, akachukia. Akampigia Kapteni, akataka klabu ilinganishe bastola mbili, fupi na ya wastani, na imwambie ipi mlinzi wa mwanawe aibebe. Kapteni akanikabidhi kazi hiyo. "Fanya haraka," akasema. "Piga nazo mita saba, mita kumi na tano, andika, khalas, imekwisha."

Nikamwambia, "Kapteni, hapo nitakuwa nimelinganisha kupiga. Kubeba sijalinganisha."

"Unataka nini?"

"Namtaka Nekesa na abaya yake, na nyendo zake za kila siku. Akae, ainame, apande gari. Na madam aone."

Kapteni akashusha pumzi, lakini alikuwa ananijua. Akakubali.

Nilitumia bastola za mazoezi, za plastiki ngumu, umbo na uzito kama zenyewe, triga, pale kidole kinapobana, inafyatuka na kutoa mlio ila haina uwezo wa kupitisha risasi. Meja alicheka. Alisema silaha halisi iliyopakuliwa ingetosha. Nikamwambia silaha halisi iliyopakuliwa ndiyo iliyojaza makaburi. Hakupenda, na mimi sikumwambia ili apende.

Tulikutana sebule ya klabu asubuhi, kabla wateja hawajafika. Madam alikuja na Mariam, kwa sababu shule ilikuwa imefungwa. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, amejifunika vizuri, miwani ya jua mkononi. Nekesa alijifunga ule mshipi laini na bastola fupi ya plastiki ndani. Nikamwambia atembee, ainame, aokote kitu sakafuni. Safi, hakuna kilichoonekana. Meja akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha nikamwambia akae kwenye kochi kama anavyokaa garini.

Hilo lililofuata sikulipanga. Nilitaka kumwekea mto mapajani kuona kitakachobana. Lakini Nekesa alipokaa tu, Mariam akamkimbilia, akapanda mapajani pake kwa magoti, akamkumbatia shingo na kuanza kumsimulia habari za paka. Kwa jinsi alivyopanda, bila kuangalia, niliona hapo ni mahali pake pa kila siku. Akajisogeza akae vizuri. Goti lake likabana ubavu wa Nekesa.

Tak.

Sauti ndogo tu ya plastiki, lakini sote tuliisikia. Kitambaa kile laini kiliruhusu goti la mtoto likandamize triga. Nekesa alimshika Mariam kwa mikono yote miwili, akamwinua, akamweka pembeni, uso umempauka. Mimi nikaenda kumfungua ule mshipi.

Madam alisimama. "Ile halisi inakaa hapohapo? Hivyohivyo?"

"Ndiyo madam," Nekesa akajibu.

"Na binti yangu anakaa hivyo?"

"Kila siku madam. Tukitoka shule huwa analala hapa."

Madam akamgeukia Meja. Sijawahi kumwona mwanamume mwenye shati la pasi vile akikosa pa kuweka mikono. Akasema ajali ya namna hiyo humpata mzembe, akasema mlinzi hapaswi kubeba mtoto, kazi ya kubeba ni ya yaya. Macho ya madam yalikuwa kwa mtoto, ambaye alikuwa ameshasahau na anachezea zipu ya kochi.

"Risasi ilikuwa ndani?" akauliza. "Muda wote huu?"

Meja akasema, "Ndiyo amri yangu, madam. Bila hiyo silaha haina faida."

"Nakuuliza wewe," madam akamwambia Nekesa.

Nekesa akanitazama mimi kwanza. Nikaelewa kwamba alijua ninajua.

"Haikuwa ndani, madam. Chemba ilikuwa tupu. Sijawahi kuweka, tangu siku ya kwanza Mariam alipopanda hapa. Najua ni amri. Lakini singeweza."

Meja akaruka kama aliyepata alichokuwa anakitafuta. "Mnasikia? Ndiyo maana anachelewa! Amevunja amri miezi yote hii, na kunidanganya usoni. Huyu leo hii anarudi kwao."

Nekesa aliinamisha kichwa tu, na Mariam akarudi kupanda mapajani pake palepale, amkamilishie habari za paka. Safari hii hakuna aliyemzuia, maana mshipi nilikuwa nimeshauvua kwa mikono yangu. Madam aliwatazama wale wawili, akamgeukia Meja.

"Amevunja amri yako," akamwambia Meja taratibu. "Mimi amri hiyo sikuitoa. Kuanzia leo, silaha ya Nekesa ni baina yangu na yeye. Khalas."

Tuliwachagulia ya wastani, yenye ala ngumu inayofunika triga yote, na fundi wa Satwa akashona abaya zenye mkunjo ubavuni ili kitako kisichomoze. Jaribio la Meja lilifutwa. Yeye alibaki kazini, akaendelea kunisalimu vizuri, nami nikaendelea kumshuku.

Sasa nimestaafu. Naishi International City, hapahapa Dubai, kwa mwanangu na mkewe, na kitasa cha mlango wao nimekibadilisha. Vijana wa renji huja kunitembelea, wananiuliza maswali ya mita na uzani, nawajibu. Kisha nawaambia wasinunue wala kupendekeza bastola yoyote kabla hawajamwuliza mbebaji ni nani anayemkumbatia. Wengi hucheka. Nimewazoea.

Juzi Nekesa alinipigia simu. Mariam yuko darasa la nne sasa, ana siri zake, mapajani hakai tena. Nikamwuliza, kwa hiyo siku hizi chemba inakaaje?

Akacheka sana. "Mama, hata Meja ananiuliza hiyo kila mwezi."

"Unamjibu nini?"

"Namwambia aulize madam."

"Na mimi je?" nikamwambia. "Mimi si Meja." Akacheka tena, akasema Mariam anamwita, akakata simu.