Mashua Iliyolalia Kushoto

Mtu akija kwenye karakana yangu hapa Migosi akaniuliza aanze na kifaa gani, humwambia anunue jiwe la kunoa kabla ya kununua kitu cha kunolewa. Wengi hucheka. Wanataka kuona msumeno wa umeme. Ninao, uko pale kwenye kona umefunikwa gunia. Niliununua nilipostaafu useremala wa bandarini, nikiwa na hakika kwamba meli ndogo zingetoka humo kama mikate. Uliunguza kila ubao mwembamba niliouingiza. Siku hizi natumia msumeno wa mkono wenye meno madogo, patasi tatu, randa inayoenea kiganjani, na kisu nilichofuliwa na fundi wa jua kali kutoka kwenye kipande cha msumeno wa chuma. Klampu ninazo, lakini ubao mwembamba kama ukucha hushikwa vizuri zaidi na vibanio vya nguo. Nguo zangu huanikwa bila vibanio, zikaanguka, nikazifua tena.

Kazi hii naijua. Nimetengeneza mifano midogo ya meli za abiria zilizokuwa zikivuka ziwa hili, na vivuko, na boti za doria, zote za mbao, zote kwa kipimo cha inchi moja kwa futi kadhaa, na mzee aliyefanya kazi ndani ya meli yenyewe hutafuta dirisha la chumba chake na kulipata. Ubao ukikataa kupinda, nauloweka kwenye maji ya moto, naupinda polepole kwenye kopo, nauacha ukauke hapo hapo. Siharakishi. Nilijifunza kutoharakisha nikiwa nimechelewa.

Kwa hiyo dada yangu aliponiomba mashua, sikuona kazi yoyote ndani yake.

Dada yangu amenizidi miaka minne na anakaa Kisian, karibu na maji. Kila akija mjini huniletea samaki. Hugonga mlango wa karakana, huninyooshea mfuko, hukaa kwenye kiti cha nje, tukaongea hata saa mbili, yeye juani, mimi mlangoni. Ndani haingii. Majirani wanadhani anaogopa vumbi la mbao. Mimi ndiye ninayejua sababu. Anayoikwepa ni benchi yangu.

Siku hiyo alikaa pale nje, akavua viatu, akasema, "Omera, ndugu yangu, mwisho wa mwezi nahama. Naenda Eldoret kwa binti yangu."

"Utaweza baridi ya huko?"

"Baridi nitaiweza. Kule hakuna maji ila ya bomba, hilo ndilo sijui." Akatazama vidole vya miguu yake. "Nitengenezee mashua ya Baba. Ndogo. Niiweke mahali nitaiona nikiamka."

Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka arobaini na zaidi kuniomba kitu. Nikasema, "Hiyo tu?" kama mtu aliyeombwa chumvi.

Lazima nieleze ilikuwaje. Baba alikuwa na mashua ya mbao za mvule, ya kuvulia. Dada yangu akiwa mtoto alikuwa akienda naye majini kuchota maji yaliyoingia, kwa kopo, tangu kutoka ufukweni mpaka kurudi. Alipofika umri ambao wazee walisema msichana sasa basi, aliacha kuingia, lakini hakuiacha mashua. Alikuwa akiisubiri ufukweni, akinunua samaki wake na kuwauza. Ilipovuja, yeye ndiye aliyekata mikebe ya mafuta kuwa vipande vya bati na kuvipigilia kwenye viungo vya mbao. Baba alipofariki, alikuwa tayari amezungumza na wavuvi watatu wa kuiingiza ziwani.

Hakuniambia, na mimi sikumuuliza. Nilikuwa mtoto wa kiume, nimemaliza kidato cha nne, nimesomea useremala kidogo, na nilihitaji benchi ya kufanyia kazi. Nilienda pale ufukweni Jumamosi na msumeno na king'oleo cha misumari. Kufikia Jumapili mchana nilikuwa nimepata mbao sita nzuri. Jumatatu alikuja na wale wavuvi wake watatu, wakakuta mbavu za mashua zimesimama mchangani, hazina kitu.

Wale wanaume walirudi nyuma hatua chache, kwa heshima, kama watu waliokuta msiba. Dada yangu aliniambia maneno mawili tu.

"Hata hukuuliza."

Nilisema mashua ilikuwa imezeeka, jambo ambalo halikuwa kweli. Nilisema ni mali ya nyumba, na hilo lilikuwa kweli, na ndiyo maana lilikuwa baya zaidi, kwa kuwa yeye pia alikuwa wa nyumba hiyo. Benchi niliyoitengeneza kwa mbao zile imenilisha maisha yangu yote. Nilisomesha watoto juu yake. Kila mwaka nilijiambia nitamwomba msamaha, na kila mwaka aliniletea samaki kabla sijafungua mdomo.

Sasa alikuwa ameomba mashua, nami niliamua kwamba mashua hiyo ingesema yale niliyoshindwa kuyasema. Nilinunua mbao mpya, laini, zisizo na vifundo. Nilichora kwanza, kama tulivyofundishwa, mstari wa katikati na nusu mbili zinazolingana kabisa. Mbavu nilizikata kwa jozi. Misumari nilitumia ya fundi viatu, nikaifupisha mmoja mmoja. Niliipaka vanishi mara nne. Siku ya kuipeleka, nilimwonyesha kondakta wa matatu aliyeniuliza nimebeba nini, naye akasema, "Mzee, hii ni ya rais."

Dada yangu aliipokea mlangoni kwake, kati ya masanduku yaliyofungwa nusu. Aliigeuza, akaiangalia chini, akaiangalia ndani. Kisha akaenda nyuma ya nyumba, akarudi na karai la maji.

"Unafanya nini?" nikamuuliza.

"Naitia majini."

"Nyamera, dada yangu, hiyo ni ya kuweka mezani!"

"Mashua ya meza?" Alicheka mpaka akashika kiuno. "Shule zenu hizi!"

Akaitia. Ilielea wima, imenyooka kama askari wa gwaride. Nilisimama nyuma yake nimejaa fahari. Yeye alichuchumaa akaitazama kwa muda mrefu, akaisukuma kwa kidole, ikarudi wima.

"Si hii," akasema.

"Si hii vipi? Nimepima kila kitu."

"Yetu ilikuwa inalala. Kushoto. Ukiiacha peke yake inalala kama mtu aliyeshiba."

Nilikumbuka. Bila shaka nilikumbuka. Nilikumbuka hata nilipokuwa nikichora. "Ile ilikuwa kasoro," nikasema. "Fundi wa kule ufukweni alijenga kwa macho. Mimi nimeirekebisha."

Aligeuza kichwa. "Nani alikutuma?"

Hakusema kwa hasira. Hapo ndipo nilipoona kwamba gundi yangu haikuwa ya kustahimili maji, na mashua ilikuwa ikianza kuzama taratibu, wima vilevile. Aliitoa, akaifuta kwa leso yake kwa uangalifu kama mtu anavyomfuta mtoto wa jirani, akanirudishia.

"Ni nzuri," akasema. "Mpe mtu wa ofisi."

Nilirudi nayo mapajani, nimeifunika. Nilikuwa nimefanya jambo lile lile mara ya pili. Mara ya kwanza nilimchukulia mashua yake bila kuuliza, na mara hii nilimtengenezea nyingine, ya kwangu, bila kuuliza. Zilikuwa zimebaki siku kumi na moja kabla hajahama.

Asubuhi niliondoa vifaa vyote juu ya benchi nikaiangalia, jambo ambalo mtu halifanyi kwa kitu anachokiegemea kila siku. Tangu niitengeneze imekuwa haikai sawa. Upande mmoja una mbao mbili nene kuliko nyingine, na tangu mwanzo nimeweka kabari chini ya mguu nikilaumu sakafu. Sakafu haikuwa na kosa. Zile ndizo zilikuwa mbao za kushoto. Fundi alizitumia nene, labda kwa sababu ndizo alizokuwa nazo, na uzito wake ndio uliokuwa ukiilaza mashua.

Nilishika msumeno. Kisha nikauweka chini, nikachukua simu.

"Nataka kukata benchi," nikamwambia.

Nikasikia kuku wake.

"Benchi gani?"

"Unaijua."

"Ni ya nani hiyo benchi?"

Nimekuwa na miaka mingi ya kutafuta maneno ya kumwomba dada yangu msamaha, maneno marefu, mengine nimeyafanyia mazoezi kanisani wakati wa mahubiri. Yaliyotoka yalikuwa mafupi. "Ni yako. Tangu siku ile ilikuwa yako. Nilikosa, nyamera. Naomba ruhusa."

"Usikate," akasema. "Ningoje."

Alifika kabla ya saa sita. Hakukaa kwenye kiti cha nje. Alivua viatu mlangoni, sijui kwa nini, sakafu yangu imejaa maranda, akaingia. Alipitisha mkono juu ya benchi kutoka mwisho mpaka mwisho, juu ya alama zote za patasi na madoa ya gundi, akasimama kwenye ukingo wa ubao mnene.

"Weka kidole hapa."

Niliweka. Vitundu vidogo, vimejaa uchafu mweusi, vimepangwa mstari. Siku zote nilidhani ni wadudu.

"Bati langu," akasema. "Nilipigilia nikiwa na miaka kumi na sita. Baba alisema mstari umepinda." Akainama karibu zaidi. "Na kweli umepinda. Haya. Kata. Lakini usianzie hapa."

Kwa siku tisa nilifanya kazi sakafuni, kwa sababu benchi haikuwepo tena. Msumeno wa mkono, randa ya kiganja, kisu. Sikuchora mstari wa katikati. Mbao za kushoto nilizitoa kwenye mbao nene za kushoto, na nikaziacha nene. Mvule wa miaka ile ni mgumu. Nilinoa patasi kila baada ya muda mfupi, na hapo ndipo jiwe la kunoa linapojulikana kazi yake. Viungo nilivijaza pamba yenye mafuta, nikakata kopo la maziwa kuwa vipande vyembamba vya bati. Vanishi sikupaka. Kipande chenye vitundu vyake nilikiweka upande wa kushoto, karibu na nyuma, mahali alipoonyesha.

Nilimpelekea siku moja kabla ya safari. Karai lilikuwa tayari limetolewa nje. Aliitia majini bila neno, akaondoa mikono. Ikatikisika, ikazunguka kidogo, kisha ikalala kushoto, polepole, kama mtu aliyeshiba.

Haikuvuja.

Dada yangu aliokota kokoto chini, akaipangusa, akaiweka ndani ya mashua, upande wa kulia, kati ya ubavu wa pili na wa tatu. Mashua ikainuka. Ikakaa sawa.

"Baba alikuwa akiniweka hapo," akasema. "Ulidhani nilikuwa nachota maji tu?"

Sikuwahi kujua. Nilikuwa shuleni.

Tuliitazama mpaka maji yakatulia kabisa. Kisha akaitoa, akaikausha, akaifunga ndani ya leso yake ya bluu pamoja na kokoto, akauliza kama sanduku la juu lina nafasi.