Redio ya Pijo

Uani kwetu siku ile tulikuwa mimi, wadogo zangu wawili, dereva wa Datsun kutoka Myamba, na fundi wa redio wa pale Same mjini. Wote hunirudia akilini nikinusa risasi ya kulehemu ikiyeyuka, kama leo asubuhi kwenye kibanda cha fundi simu.

Pijo ya baba, gari lake, ilikuwa juu ya mawe tangu tulipomzika. Redio yake ilitoka nayo kiwandani, na bado iliimba. Ya Datsun ilikuwa bubu, na madukani hapakuwa na nyingine. Dereva alileta gunia la mahindi ili tubadilishane, nami, niliyekwisha kuacha shule ili wadogo zangu wapate kula, nikakubali.

Tundu la redio kwenye Datsun lilikuwa dogo. Fundi alilipanua kwa tupa, vumbi la bati likimwangukia magotini. Ile bubu akaipachika kwenye Pijo, ikabaki ikichezacheza.

Mdogo wangu wa mwisho, msichana, akapanda ndani ya Pijo akazungusha kitufe.

"Kaka, mbona haisemi? Imelala?"

"Hiyo imekufa, mama," fundi akasema, kisha akatutazama, akainamia vifaa vyake.

"Ya baba nitairudisha," nikamwambia mdogo wangu.

"Lini?"

"Nikiwa mkubwa."

Datsun ikateremka kuelekea barabara kuu, redio ikiimba. Mdogo wangu alisimama akisikiliza hata baada ya mimi kuacha kuisikia.

Sasa ana watoto wakubwa, na hajaniuliza tena. Lakini kila nikikuta Datsun kuukuu imeegeshwa, huinama dirishani nikachungulia kama redio yake ni yetu.