Kamba Iliyorudi Msumarini

Harufu ya mkonge uliolowekwa hunichoma roho hadi leo. Nikipita sokoni Machakos, pale akina mama wanaposuka vyondo, vile vikapu vya mkonge, naongeza mwendo. Sababu yake sijawahi kumwambia mtu, lakini ninyi nitawaambia.

Miaka ya tisini kazi ya baba ilikuwa kupogoa miti: mijakaranda iliyolalia mapaa ya watu, mikaratusi iliyotishia nyaya za stima. Yeye alipanda juu, na rafiki yake Musyoka akabaki chini ameshika ncha ya kamba. Kamba yenyewe, nene, ya mkonge, ilikuwa na msumari wake ukutani na mwiko wake: mwanamke asiiguse, la sivyo mpandaji ataanguka. Hata mama alifagia akiizunguka.

Jumatatu moja tuliamka msumari uko mtupu.

"Kwani kamba iko na miguu?" baba aliuliza. Akatutazama mmoja mmoja, kisha akasema, "Kikulacho ki nguoni mwako." Sote tulijua anamsema Musyoka, ambaye siku hizo alikuwa akitajataja kufanya kazi peke yake.

Nilikuwa na miaka tisa na ulimi mwepesi. Jumapili nilikuwa nimemwona Musyoka akipita na gunia mgongoni. Lilikuwa la nyasi za ng'ombe, na nyasi zilichungulia mdomoni. Lakini baba alinisikiliza kuliko siku zote, nami nikanogewa, nikasema gunia lilikuwa limevimba na ndani kuna kitu kimejiviringa kama nyoka.

Musyoka alipokuja, baba hakumpa mkono.

"Baba Mueni, nimeshika maisha yako miaka sita," Musyoka alisema, akimwita kwa jina langu. "Niibe kamba nipeleke wapi?"

Nilijificha nyuma ya mama. Sketi yake ilinuka mkonge mbichi, lakini mama alisuka vyondo kila siku, kwa hivyo sikujali.

Alhamisi kamba ilikuwa imerudi msumarini. Baba aliikagua shubiri kwa shubiri hadi akafika penye nyuzi mpya, nyeupe. "Ameikata akaiunga, ili nianguke," alisema. Akanunua ya nailoni, na ile ya zamani akamfungia fahali wetu. Musyoka alienda Athi River kutafuta kibarua, wala hakukanyaga kwetu tena. Fahali naye alivuta miaka minne, kamba isikatike.

Nilipofika kidato cha pili mama alinifundisha kumaliza kiondo: unakunja uzi mara mbili, unaurudisha ndani, unauficha. Nilikiweka kiondo chini. Nilikuwa nimeliona fundo hilo shingoni mwa fahali.

"Mwaitu," nilimwambia mama, "kumbe ni wewe."

Mama hakuinua macho. "Panya walikuwa wameila ndani. Nilimwambia baba yako imeoza, akanicheka, ati mimi nijue vyondo vyangu. Ningemwacha apande nayo, tungemzika."

"Na Musyoka?"

"Nilikuwa nitasema jioni ile. Halafu wewe ukaleta habari ya gunia, na baba yako akawa amepata mwizi wake."

Haya ile haijaniisha. Baba sasa ni mzee, na akimkumbuka Musyoka bado anasema kikulacho ki nguoni mwako. Mimi na mama tunaitikia kwa kichwa, kisha tunampakulia chakula.