Hasira Yangu kwenye Ukuta wa Jiko

Nilipofukuzwa kidato cha tatu kwa sababu ya mimba, aliyenipa mimba alibaki darasani. Mpaka leo hakuna mzee wa kanisa aliyemwita kumuuliza lolote. Mimi niliondoka na mtoto tumboni, hasira, na somo moja nililolipenda: kuchora grafu. Namshukuru mwalimu wangu wa hisabati kwa hilo.

Kwetu Kansay msichana akizaa kabla ya kuolewa, kanisa linamtenga. Mtoto habatizwi mpaka mama yake asimame mbele ya wazee, atubu, aeleze Mungu alivyombadilisha. Nilitaka binti yangu abatizwe. Kudanganya sikutaka.

Basi kila jioni nilitia nukta ya mkaa kwenye ukuta wa jiko: juu kama nimeshinda na hasira, chini kama nimetulia. Zote zilijipanga juu, karibu na paa.

Mama akauliza, "Unahesabu madebe ya mahindi?"

"Napima hasira, Aayo," nikamjibu, nikimwita mama kwa lugha yetu.

"Huo ukuta hautatosha."

Asubuhi moja nilikuwa napalilia maharage, mtoto mgongoni. Ukungu ukashuka kutoka msitu wa Ngorongoro, ukafunika shamba lote. Nikasimama na jembe langu. Sikuona kitu wala kusikia sauti, ila nilijua siko peke yangu, na kwamba aliyekuwepo hanichukii. Nililia mpaka mtoto akaamka. Jioni ile nukta ilianguka karibu na sakafu.

Wiki iliyofuata ikapanda tena. Niliudhika sana, nikadhani nimejidanganya. Lakini niliendelea kutia alama, na baada ya mavuno nikaona jambo: hata siku mbaya kabisa haikufika tena kule juu kama zamani.

Ndivyo nilivyowaeleza wazee siku niliposimama mbele yao kanisani. Nikawachorea mstari wangu kwa chaki sakafuni.

Mzee mmoja akainama kuutazama. "Kwa hiyo hasira bado unayo?"

"Ninayo, mzee. Hata sasa hivi."

"Wenzako wakisimama hapa husema imekwisha."

"Wenzangu hawakupima."

Mchungaji akakohoa. Wazee wakatazamana, nikajua mtoto wangu anarudi nyumbani bila ubatizo. Hapo mama, aliyekaa mlangoni amembeba mjukuu, akasema, "Baba Mchungaji, ninayeishi naye ni mimi. Kabla ya ukungu ule alikuwa ananirushia sufuria. Siku hizi anazibamiza tu."

Wakacheka, hata yule aliyeinama. Mchungaji akasema, "Mlete Jumapili."

Namshukuru Mungu kwa asubuhi ile. Namshukuru mama, ambaye nilimrushia vitu na bado akaja kunitetea.

Jumapili maji yalipomgusa binti yangu alipiga kelele, kanisa zima likageuka. Mwanamke nyuma yangu akaninong'oneza, "Mnyamazishe!"

Nikamwacha alie mpaka amalize.