Foleni ya Meya

Ijumaa hiyo Maurice aliamka amechoka, na si kwa kusimama mlangoni. Kusimama alishakuzoea, askari wa hoteli akilalamikia miguu basi atafute kazi nyingine. Huu ulikuwa uchovu wa watu. Kabla hajapiga mswaki simu ilikuwa imeshalia mara kadhaa. Dereva mmoja amekwaruza gari la bosi wake na anaogopa kurudi nyumbani. Mwingine amelazwa, na ndugu zake hawajui ni wodi gani. Mabinti wawili wa chumba kimoja hawasemezani kwa sababu ya sufuria. Sufuria, jamani! Mtu mzima anaamshwa alfajiri aamue kesi ya sufuria. "Meya, uko wapi? Meya, tusaidie." Naye Meya, badala ya kuizima simu arudi kulala, alikaa kitandani na taulo begani akiwasikiliza wote.

Umeya wenyewe ulianza kwa mzaha. Maurice hakuwa mtu wa siasa hata kidogo. Kwao Busia aliuza viatu vya mitumba, na shuleni hata ukiranja wa darasa hakuwahi kupewa. Alipofika Doha, kule Qatar, kampuni ilimpanga mlangoni pa ukumbi wa mikutano katika hoteli moja kubwa, na hapo ndipo alipokutana na meya wa kweli. Alikuwa mama wa Kimarekani, amekuja kwenye kongamano la miji. Alitoka ukumbini hotuba zikiendelea, akajitupa kwenye kiti cha askari, akavua viatu na kuanza kujikanda vidole vya miguu.

"Utanifukuza?" alimwuliza Maurice.

Nani angethubutu? Basi mama akaanza kujieleza, bila kuulizwa. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Barabara ya mtaani kwake ilikuwa na shimo, akalipigia kelele hadi likazibwa, na majirani wakasema huyu ndiye mtu wetu. Wakampa udiwani, kisha umeya, kisha umeya tena. Viwanda vya mji ule vilikuwa vimefungwa, na kila aliyekosa kazi alimpigia yeye. Theluji ikiziba njia, lawama ni zake. Taka zisipozolewa, lawama ni zake. Mumewe alivumilia wee, hatimaye akafungasha.

"Hata hakugombana nami," mama alisema. "Aliniambia tu kwamba amechoka kuwa wa mwisho kwenye foleni yangu."

Maurice akamwuliza kwa nini asiache. Mama alicheka kicheko kisicho na furaha. "Tuna uchaguzi karibuni. Kila siku namwomba Mungu nishindwe. Na nikishindwa, sijui nitaishije." Akavaa viatu vyake, akamshukuru kwa kiti, akarudi ndani.

Kisa hicho Maurice alikisimulia kempu kwao, kambi ya wafanyakazi kule Al Wukair, akakisimulia tena, na tena, hadi wenzake wakamchoka. Akiingia tu jikoni, wanapiga kelele: "Meya huyo! Mpisheni Meya!" Kisha siku moja kijana wa Kakamega akaanguka kazini, na Maurice ndiye aliyekwenda naye hospitali, akazungumza na madaktari, akampigia mama yake kule nyumbani na kumtuliza mpaka akanyamaza. Tangu siku hiyo waliomwita Meya hawakucheka tena. Wakenya wakaunda chama chao cha kusaidiana, Waganda wakajiunga, na kiti kikamwangukia yeye. Muhula wa kwanza alikifurahia, tusimsingizie. Kuitwa mheshimiwa kwa mtu aliyekuwa akichutama sokoni na viatu vya wenzake, ala! Ni utamu huo.

Aliyelipia utamu huo ni Peninah, mkewe. Peninah alikuwa akimtunza ajuza mmoja katika nyumba ya watu kule Umm Salal, na alipewa ruhusa ya kutoka Ijumaa tu. Mtu na mkewe wako nchi moja, wanaonana Ijumaa kwa Ijumaa, baada ya ibada, maana kule hata Wakristo husali Ijumaa, penye makanisa ya Mesaimeer. Na hata hiyo Ijumaa watu waliila. Peninah alikuja na chapati kwenye hotpoti, akaketi ukingoni mwa uwanja wa magari, akamsubiri Meya amalize kesi ya huyu, aje kwenye kesi ya yule. Chapati zilipoa. Meya alipopata nafasi, dereva wa kumrudisha Umm Salal alikuwa ameshaanza kupiga honi.

Ijumaa iliyotangulia, Peninah alikuwa amesema yake, kwa upole uliomtisha Maurice kuliko kelele.

"Baba Chelsea, mimi narudi nyumbani mwisho wa mwezi. Wenye nyumba wameshakubali. Mtoto wetu anakua kwa bibi yake, sisi anatujua kwa simu tu. Wiki ijayo wanachagua mwenyekiti. Ukikiacha hicho kiti, twende wote. Ukikikalia tena, nitakwenda peke yangu, na usinipigie kuniambia uko njiani. Sitasubiri tena."

"Mama Chelsea, nitawaambia."

"Haya."

Aliwaambia? Wapi! Hapo ndipo ugonjwa wa mtu huyu ulipo: hapana haimtoki kinywani. Alijaribu kwa Laban, mwenzake wa chumbani aliyejifanya mkuu wake wa kampeni. Laban akaruka. "Thubutu! Utuache yatima? Tena umwachie Velma?" Velma alikuwa muuguzi, msichana mchapakazi asiye na simile, aliyewahi kumwambia Meya mbele ya watu kwamba simu zake zingegawanywa kwa watu wengine angepata usingizi. Maneno ya kweli kabisa. Maurice akanyamaza, na Laban akachukua kimya hicho kuwa ndiyo. Mpango wa Maurice ukawa mmoja tu: ashindwe kwa heshima.

Basi ibada ikaisha, watu wakamwagika uwanjani. Uchaguzi wao haukuwa na karatasi. Walichagua kwa mlolongo, kama baba zao walivyowahi kufanya nyumbani: mgombea anasimama, wanaomtaka wanajipanga nyuma yake. Nyumbani mlolongo uliacha jina baya, maana mfupi uliweza kutangazwa mshindi mbele ya mrefu. Hapa waliupenda kwa sababu moja. Watu wengi wakikusanyika na kupiga makelele, mlinzi atakuja kuuliza kuna nini. Lakini foleni, nani atauliza foleni Doha? Wageni hupanga foleni kutwa. Na kwa kuwa nusu yao walikuwa askari wa mlangoni, ilinyooka yenyewe. Mwamuzi alikuwa Kevin, mwalimu wa kwaya. Angesimama pale mbele, atazame, na mlolongo mrefu ndio mshindi. Khalas.

Velma akasimama karibu na geti. Maurice, ambaye Laban alimsukuma hadi chini ya kivuli, akasimama kando ya barabara. Watu wakaanza kujipanga.

Maurice aligeuka mara moja tu, na mara hiyo ilitosha. Mlolongo wa Velma ulikuwa mrefu. Wake ulikuwa wa kina Laban na wazee wachache wa kempu. Hata wale mabinti wa sufuria walikuwa kwa Velma, wamesimama pamoja, wanacheka! Maurice alipumua. Nimepona, alijiambia, naenda nyumbani. Papo hapo akaanza kuhesabu moyoni. Usiku ule wote wa hospitali, simu zile zote, na hawa ndio waliobaki nyuma yangu? Alikumbuka yule mama wa Kimarekani na kicheko chake, akamwelewa kwa mara ya kwanza. Akatazama mbele, asione tena.

Ndipo basi lilipokuja. Basi jeupe la kampuni fulani, likasimama kando ya barabara, pale pale mbele ya Maurice. Na kutoka kanisa la pili wakatoka Wafilipino, wametoka misa yao, wamebeba vyakula vyao, wakaona basi, wakaona foleni imenyooka kuelekea basi. Watu waungwana wale. Wakajipanga nyuma, kimya kimya, mmoja baada ya mwingine, hadi mlolongo wa Meya ukapinda kwenye kona.

Kevin, kule mbele, jua likimpiga machoni, aliona vichwa tu. "Imekwisha!" alipaza sauti. "Meya! Meya tena!"

Laban aliyaona yote. Akamnong'oneza Maurice sikioni, meno nje: "Nyamaza, bro. Foleni ni foleni." Wazee wakaanza kupiga makofi. Velma alisimama mikono kiunoni, hajaelewa. Maurice akageuka amtafute Peninah kwenye mlolongo wa Velma, maana alijua angekuwa huko, na ilikuwa haki yake.

Hakuwako. Alikuwa kwenye mlolongo wake, nyuma ya mzee wa mwisho, mbele ya Mfilipino wa kwanza, amekumbatia hotpoti. Alikuwa mtu wa mwisho kwenye foleni ya mumewe, na alikuwa akilia.

Maurice akauondoa mkono wa Laban begani mwake.

"Kevin!" aliita. "Hawa wanangoja basi! Nimeshindwa. Velma ndiye."

Uwanja mzima ukapigwa na butwaa, kisha vicheko vikalipuka, vicheko vya kutoka tumboni. Mfilipino mmoja akauliza kwa adabu kama basi linaondoka au la. Laban akajishika kichwa. Maurice akamwendea Velma, akampa simu ya chama mkononi, na kabla Velma hajasema asante ikaanza kulia.

"Usipokee zote," alimwambia.

Kisha akaenda kuketi ukingoni mwa uwanja, pembeni ya mkewe.

"Ulisimama kwangu," Maurice alisema. "Pamoja na ahadi niliyoivunja na yale uliyoniambia?"

"Niliona foleni yako fupi." Peninah alijifuta macho kwa ukingo wa leso. "Hasira zangu ni zangu na wewe, nyumbani. Sikuweza kuwaacha watu wakuone vile."

Akafungua hotpoti. Mvuke ukatoka. Maurice alichukua chapati, ikamwunguza vidole, akaila hivyo hivyo huku machozi yakimtiririka bila aibu.

"Meya!" mtu aliita kwa nguvu kutoka getini. "Meya, hebu njoo!"

Maurice aliinuka nusu, chapati mdomoni. Peninah akamvuta chini kwa mkono wa shati.

"Kaa ule," alisema. "Anaitwa Velma."