Subiri Kwanza Alale

Chumba cha watoto wachanga cha kanisa letu kilizaliwa kwa sababu ya mahubiri. Mchungaji alichoka kushindana na vilio, wazee wa kanisa wakakaa kikao, wakaamua stoo ya viti isafishwe, itandikwe mikeka, na watoto wote wasiojua kusema "amina" wakae humo hadi ibada iishe. Wakatafuta mtu wa kukaa nao. Mimi nilikuwa mjane, wanangu wameshajitegemea, na kwenye kwaya nilikuwa naharibu sauti ya pili. Nadhani waliona wamepata dawa ya matatizo mawili kwa mpigo.

Hapa ni machimboni, upande wa Bukombe, si mbali na Ushirombo. Haukupita muda mrefu akina mama wanaoponda mawe wakaomba chumba kifunguliwe na siku za kazi, maana walikuwa wanawalaza watoto kwenye vumbi, karibu na mabeseni ya zebaki. Mchungaji akakubali. Tukawa wawili, mimi na mwenzangu mmoja mpole ambaye mpaka leo anauvumilia mdomo wangu. Kutwa nzima ni uji, nepi, kamasi na kubembeleza. Watu wakisikia unalea watoto wa kanisa wanadhani ni kazi ya utakatifu, lakini mara nyingi inanuka.

Msichana mmoja wa Isaka alikuwa anauza chai kwa wachimbaji. Alikuwa mwembamba, mwenye heshima zake za nyumbani. Hata akiwa na birika mkononi lazima apige goti kidogo akikusalimia. Mtoto wake wa kike alikuwa ndiyo kwanza amejua kukaa bila kuegemezwa. Asubuhi moja alinikuta natandika mikeka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Mama, kuna rashi imetokea huko porini. Wenzangu wanaenda kupika. Naomba nikuachie mtoto wiki mbili tu. Kule hata maji ya kumwogesha hakuna."

Rashi ni dhahabu mpya. Ikisikika mahali, watu wanahama na masufuria yao kabla hawajauliza ni kweli au uongo. Mimi simung'unyi maneno, nikampa vidonge vyake: mtoto anayenyonya haachwi kama begi stendi. Akalia. Mtoto naye akalia kwa kumwona mama yake analia. Nikampokea, ningefanyaje?

Mwanzoni alikuwa anapiga simu. Nilikuwa namwekea mtoto simu sikioni, anatulia, anasikiliza sauti ya mama yake, halafu anaanza kulamba kioo. Wiki mbili zikawa mwezi. Kisha simu ikawa haipatikani, na haikupatikana tena.

Jioni nilikuwa nambeba naenda naye kwangu. Akaota meno kwangu. Akatambaa kwangu. Hatua zake za kwanza alizipiga kanisani, kutoka kiti cha plastiki hadi kiti cha plastiki, mwenzangu akapiga vigelegele hadi mchungaji akatoka ofisini kuuliza kuna nini. Nilifurahi, halafu furaha ikageuka hasira, kwa sababu hatua zile hazikuwa zangu kuziona. Zilikuwa za mtu mwingine, na huyo mtu nilimchukia. Kila asubuhi, tukiwaombea watoto, niliomba mama yake arudi na mtoto amjue. Niliomba kwa sauti kubwa, maana kimyakimya sikuwa na hakika kama ninachoomba nakitaka.

Alipoanza kusema, aliniita mama.

"Mimi bibi," nikamwambia.

"Mama."

"Bibi!"

"Mama," akasema, na akacheka mpaka akakaa chini, akidhani ni mchezo.

"Mwache, mayu," mwenzangu akaniambia. Mayu ndiyo mama kwa Kisukuma. "Mtoto anamwita anayemwona."

Mama yake alirudi mtoto akiwa tayari anakimbia. Hotuba yangu ya kumkemea nilikuwa nimeiandaa zaidi ya mwaka, na nilikuwa naijua kuliko Zaburi yoyote. Nikamkuta asubuhi mlangoni pa chumba cha watoto, amevua viatu, ameshika mfuko wa plastiki. Mkono wake wa kushoto ulikuwa na kovu kutoka kiganjani hadi kwenye kiwiko, ngozi imekunjamana. Sufuria la mafuta ya kukaangia lilimmwagikia kule porini, akasema. Akalazwa. Simu ikaibiwa na namba zote zikaenda nayo. Alipopona akaona aibu kurudi mikono mitupu, akabaki anatafuta. Nilitaka kumuuliza ni aibu gani hiyo isiyoisha. Badala yake nikamwambia aingie ndani.

Mtoto alimwangalia mara moja tu, akapiga yowe, akaingia chini ya kitenge changu. Aling'ang'ania mguu wangu kama kupe. Mama yake akapiga magoti na biskuti, akamwita jina lake. Mtoto akazidi kulia. Mama yake akatoa gauni kwenye mfuko, jipya, la njano, lenye kola. Lilikuwa dogo. Lisingepita hata kichwani. Alikuwa amemnunulia yule mtoto aliyemwacha.

"Kaa hapa kwangu wiki moja," nikamwambia. "Atakuzoea."

Akatikisa kichwa. Kaka yake ni mbebaji mizigo bandari kavu ya Isaka, alikuwa amempatia chumba na amemwombea lifti kwenye lori linalorudi tupu kutoka Rwanda. Lilikuwa linapita mchana ule. Lakini lori halikuwa sababu, na alinieleza mwenyewe.

"Nikikaa nitaona anavyokupenda, mama. Nitaondoka peke yangu tena."

Akafuta macho kwa lile gauni. Halafu akasema, "Nitakaa nyuma ya ukuta asinione. Wewe subiri kwanza alale, ndipo unipe."

Nikampa mtoto uji. Nikamwogesha, ingawa hakuwa mchafu. Nikambeba mgongoni na kuanza kutembea kando ya ukuta wa kanisa, naimba zile nyimbo ninazoziharibu. Nilitamani asilale. Nasema kweli, nilitamani alie, akatae, achachamae hadi lori lipite. Siku nyingine huwa anasumbua hadi unakata tamaa. Siku ile alipiga miayo, akaweka shavu mgongoni kwangu, na nikausikia mwili wake unakuwa mzito.

Mtoto aliyelala huwa tunamhamisha mgongo kwa mgongo. Mnainama mmoja kando ya mwingine, wa tatu anamtelezesha pamoja na kitenge chake, asikose joto hata kidogo. Mwenzangu akamtelezesha. Fundo la kitenge nililifunga mimi. Nikakaza kifuani kwake, nikakaza tena.

Mtoto akajisogeza akitafuta pa kuweka kichwa. Akasema usingizini, "Mama."

Mdomo wangu ulikuwa umeshafunguka. Nikaufunga. Nikamgusa yule binti begani.

"Itika, mwanangu."

"Abee," akaitika, kwa sauti ndogo mno, na mtoto akaendelea kulala.

Wakaenda barabarani. Nilijua ataamka karibu na Kahama, ndani ya lori, mgongoni kwa mtu asiyemjua, na atanitafuta. Sikula siku ile wala kesho yake.

Mama yake alinipigia simu siku zilizofuata, kila mara nyuma ya sauti yake nasikia mtoto analia. Hataki kula. Analala mlangoni. Ananiulizia. Nikawa namwambia avumilie, ambebe, asimwache hata akienda chooni. Kisha wiki kadhaa zikapita bila simu, na asubuhi moja nilipokuwa nakoroga uji ikaita tena. Safari hii nyuma ya sauti yake nilisikia kicheko.

"Mama, amenizoea," akaniambia, naye akilia kwa furaha. "Ananiita mama. Siku hizi hakuulizii tena."

Nikamjibu kwamba Mungu ni mwema, na nilimaanisha. Nikamkabidhi mwenzangu mwiko, nikaenda nyuma ya kanisa nikalia kama mtu aliyefiwa.